Mtutu wa Kushoto

Baba Neema wangu,

Bunduki yako nimeirudisha serikalini. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama mbuzi wamezaa. Haiko tena kituo cha polisi, ilikowekwa ulipofariki, ikisubiri mrithi. Nimetia saini mwenyewe, Athumani mwenzako wa porini akiwa amekaa kando yangu kwenye benchi, na tulitoka pale tukatembea mpaka stendi ya mabasi ya Kondoa. Pale ndipo aliponiuliza, "Shemeji, umekula?" Nikamwambia sijala. Tukanunua mihogo ya kukaanga tukala tumesimama.

Nakuandikia nikiwa kwenye ile meza uliyokuwa ukiisafishia. Harufu ya mafuta ya bunduki bado imo kwenye mbao, hasa mchana jua likipiga dirishani. Neema anasema yeye haisikii. Mimi naisikia.

Kaburi lako tumelisakafia. Mama yako alishikilia lisakafiwe kabla mvua hazijaanza, na wadogo zako walileta mchanga kutoka korongoni. Mama mwenyewe yupo, ila amepungua. Nikienda kumwamkia, shikamoo yangu anaiitikia kwa Kisandawe, kisha anataja lile jina lako la utotoni, lile lenye mlio wa ulimi ambao nilishindwa kuutamka miaka yote ya ndoa yetu. Ulikuwa ukinicheka, unasema ulimi wa Mgogo ni mzito, umezoea mlenda. Sasa akilitaja huwa natoka nje, nasingizia naenda kuangalia kuku.

Elia, nataka kukueleza ilivyokuwa kuhusu bunduki, maana si jambo la kusikia kwa watu. Lakini siwezi kuanzia mwisho.

Nakumbuka siku uliporudi kutoka kambi ya uwindaji, msimu ule wa yule mgeni mzee mwenye ndevu nyeupe. Kwa miaka mingi kazi yako ilikuwa kuwatangulia wageni porini, kusoma nyayo, na kusimama karibu nao mnyama akigeuka. Ulikuwa umeona bunduki za kila namna na hukuwahi kunisimulia hata moja. Siku ile hukuvua hata viatu. Ukasema mgeni alikuachia uishike raifo yake ya mitutu miwili wakati yeye anakunywa chai, na kwamba ilikaa begani kama mtoto aliyelala. Nikacheka. Ukachukua miiko yangu miwili ya ugali, ukaishika pamoja, ukanionyesha. Kila mtutu una triga yake. Nyati akikujia huna haja ya kuvuta bolti, kile chuma cha kuingizia risasi, wala kuondoa mkono; unapiga wa kulia, unapiga wa kushoto, basi. "Hizi ni bunduki mbili zimeunganishwa, Mama Neema. Moja ikigoma, nyingine ipo."

Nilikuamini. Nani asingeamini, kwa jinsi macho yako yalivyokuwa?

Lakini zile za wageni hata ungeuza ukoo mzima usingepata hata moja. Ulijua. Ukakaa nalo hilo misimu kadhaa, hukulisema, ila nilikuwa nakuona ukiipangusa ile raifo yako ya zamani ya bolti kama mtu anayemhudumia mgonjwa asiyempenda. Kisha ukasikia kwamba mjini kwa muuza silaha zimeingia za mitutu miwili za bei nafuu, mpya kabisa. Ukauza ng'ombe, ukauza na ile ya zamani, ukapata kibali chako, ukaenda, ukarudi nayo.

Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Kitako cha mbao nyekundu, na ubavuni wamechora ndege.

Athumani alikuwa wa kwanza kuja kuiona. Mlikuwa mmetembea naye porini tangu hamjaoa, wewe Msandawe wa Chemba na yeye Mrangi wa Kondoa, mkigombana njia nzima juu ya nani anasoma nyayo vizuri. Aliikunja ikafunguka katikati, akachungulia mitutu ile ndani, akaifunga. Akasema, "Ndugu yangu, umenunua sura." Ukakasirika. Ukamwambia ana wivu. Akasema, "Nina wivu, ndiyo. Lakini ingekuwa mimi ningebaki na bolti yangu. Ile ni ya kazi."

Akaeleza, na mimi nilikuwa napepeta uwele pale mlangoni nikisikia. Alisema gharama ya zile za wageni haiko kwenye mbao wala michoro. Iko kwa fundi anayekaa na ile mitutu miwili, anapiga, anailegeza, anaikaza, anapiga tena, mpaka risasi zote mbili ziende mahali pamoja. Kazi hiyo ndiyo inayorukwa ili bei ishuke. Na kule ndani, vyuma visivyoonekana, napo panapunguzwa.

Mkaenda kuijaribu kwenye kichuguu nyuma ya shamba, mmebandika boksi la sabuni. Mtutu wa kulia ukapiga katikati. Wa kushoto ukapiga juu, pembeni, karibu nje ya boksi. Kesho yake ukaenda tena peke yako, na keshokutwa. Mwisho ukaniambia umeshaujua: ule wa kushoto unaulenga chini kidogo, basi unatii. "Ni kama punda," ukasema. "Ukimjua tabia, unafika."

Kisha ikaanza ile ya kugoma. Unavuta triga ya kushoto, chuma kinagonga, risasi hailii. Si kila mara. Ungeweza kupiga siku nzima ikakutii. Ulisema ni risasi, kwamba za kipimo kile ni adimu na zile ulizopata zilikuwa zimekaa dukani muda mrefu. Ukasema msimu ukiisha utaipeleka kwa fundi. Nami nikaona sawa, kwani msimu ulikuwa unakaribia kuisha.

Siku yenyewe sitaisimulia yote. Wewe ulikuwepo.

Unajua yule nyati dume alikuwa na jeraha la mtego mguuni, na kwamba alikuwa ameshamwumiza mama mmoja kwenye visima vya mchangani. Mtendaji wa kijiji alikuja asubuhi na afisa wanyamapori kukuombeni, wewe na Athumani, muwasaidie kumfuata. Ulikunywa uji umesimama. Ulimwambia Neema asichelewe shule. Mimi uliniambia, "Chumvi imekwisha," ukatoka. Ndilo neno la mwisho ulilonipa ukiwa mzima. Nimelichukia, kisha nimelizoea, na siku hizi nalipenda.

Mengine nilisimuliwa na afisa. Kwamba nyati alitokea ubavuni kwenye kichaka cha miiba, akamwangusha Athumani kabla hajainua bunduki, akarudi kummalizia. Kwamba wewe hukurudi nyuma, ulisogea mbele. Ukapiga mtutu wa kulia, na nyati akamwacha Athumani. Akakugeukia wewe. Afisa alimpiga, lakini alikuwa ameshakufikia. Baadaye akatuonyesha risasi yako ya kushoto. Ilikuwa nzima, ina kovu dogo tu kitakoni, pale ilipogongwa bila nguvu.

Hospitalini uliishi siku chache. Waliokuuguza walijitahidi sana, Mungu awabariki. Uliponiona uliniuliza, "Athumani?" Nikakwambia amevunjika mbavu, atapona. Ukafumba macho ukasema, "Ule wa kulia ulifanya kazi yake." Ulisema kwa furaha, Elia. Nilikuwa nimekushika mkono nikaona ulivyofurahi. Wa kushoto hukuutaja kabisa, na mimi sikuuliza.

Athumani alikuja kwenye mazishi amefungwa kifua chote. Alirusha udongo kaburini kwa mkono mmoja, akasimama pembeni wakati mchungaji anaomba, naye akawa anaomba dua zake kwa sauti ya chini. Baada ya hapo alikuwa akija kila Ijumaa akitoka msikitini, analeta sukari au mafuta ya taa, anamwuliza Neema habari za shule, anaondoka. Hakuwahi kuisimulia ile siku. Hata mara moja.

Kisha msimu ukakaribia tena. Ijumaa moja akakaa zaidi ya kawaida. Akazungushazungusha kofia yake mkononi, akasema, "Shemeji, ile bunduki ya ndugu yangu naomba uniuzie mimi."

Nikasema hapana. Ilinitoka haraka, hata mimi ilinishtua.

Akaanza kunieleza. Kwamba yake imechakaa. Kwamba wapo watu wameshauliza, na yeye hawezi kuvumilia kuiona mikononi mwa mtu baki. Kwamba yuko hai kwa sababu ya bunduki ile. Kwamba tatizo lilikuwa risasi kukaa sana, si bunduki. "Kila mtu anasema ni mbovu. Mimi ndiye niliyekuwa chini ya nyati. Mimi ndiye ninayejua kama ni mbovu au si mbovu."

Yeye ndiye aliyeiita sura tupu, unakumbuka? Sasa anaitetea kama mtoto wake.

Nikamwambia tena hapana. Akanitazama, akasema polepole, "Shemeji, unadhani mimi ndiye niliyemwua." Sikuwa nimewahi kuwaza hivyo, Mungu ni shahidi. Nilitaka kumwambia, lakini nikaanza kulia, naye akachukua kilio kile kuwa ndilo jibu. Akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuja. Na nyingine hakuja. Neema alikuwa akikaa kizingitini mpaka anaitwa kula. Nilikuwa nimekupoteza wewe, na sasa nilikuwa nampoteza mtu pekee niliyeweza kusema naye "Elia" bila kueleza Elia ni nani.

Nikaenda Kondoa. Mkewe, Zubeda, alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka. Athumani akatoka chumbani kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza la wazee. Nikamwambia: twende kituoni, tuombe ipigwe mbele yetu. Ikionekana ni nzima, tutazungumza. Nilijua moyoni kwamba haitalia. Nilitaka aone kwa macho yake, mambo yaishe.

Mkuu wa kituo alikubali, akatupa askari mwenye dhamana ya silaha, tukaenda naye kwenye uwanja wao wa shabaha nje ya mji. Upepo wa vumbi ulikuwa unavuma, nimejifunika khanga mpaka puani. Askari akaweka risasi mpya. Akapiga mtutu wa kulia, ukalia. Akapiga wa kushoto.

Ukalia, Elia.

Akarudia. Ukalia tena. Alirudia mpaka akachoka, na kila mara ule mtutu ulilia kama haujawahi kumkosea mtu. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeziba masikio na nikajiona nauchukia mlio ule kuliko kitu chochote. Ulishindwaje siku ile? Ulikuwa wapi?

Tukaenda kuangalia shabaha. Matundu ya kulia yako pamoja katikati. Ya kushoto yako juu, upande wake, yamejitenga. Askari akakuna kichwa akasema, "Inapiga. Ila kila mtutu una mawazo yake." Athumani akaipokea bunduki kwa askari, akanigeukia. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu ufe. "Umeona, shemeji? Zilikuwa risasi tu."

Ushahidi wote niliotegemea ulikuwa umegeuka upande wake. Ningeweza kusema chukua, na watu wote wangesema nimetenda haki. Badala yake nikamwuliza lile ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Athumani. Nyati alipokuacha akamgeukia mwenzako, ulisikia nini?"

Akatazama chini. Akatazama tena ile bunduki mikononi mwake.

"Nilisikia tiki," akasema. "Kitu kidogo tu. Halafu nikamsikia anasema 'Aa.' Si kwa kuogopa. Kama mtu aliyefika sokoni akakumbuka amesahau kitu nyumbani."

Nilimsikia Athumani akilisema lile "Aa" na ilikuwa sauti yako kabisa. Nikakaa chini kwenye vumbi. Naye akakaa. Askari akasogea mbali, akajifanya anaokota maganda ya risasi.

Tukalia pale kama watoto. Kisha nikamwambia: hata ingelia mara elfu leo, wewe ukiwa nayo porini, umeshapiga wa kulia, mnyama anakuja, kidole chako kinahamia kwenye triga ya kushoto, utasikia nini kabla hujaivuta? Akasema, "Nitasikia tiki." Nikasema, "Basi Zubeda naye hatalala. Na mimi sitalala. Na sikudhani hata siku moja kwamba ulimwua. Nilikataa kwa sababu Elia alitoa ule mtutu mzima aliokuwa nao ili wewe uishi, na siwezi kuuchukua ule mwingine nikakupa."

Akasema jambo ambalo nataka ulisikie wewe hasa. Alisema, "Nilidhani nikiibeba mimi, itakuwa kama bado tunatoka wawili."

Akainuka, akamrudishia askari bunduki kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyesema isiuzwe kwa mtu yeyote, irudishwe iharibiwe. Wiki iliyofuata tulikwenda kutia saini.

Ndivyo ilivyokwisha. Najua ulivyoipenda, na utanisamehe.

Sasa vijana wa kambini wanamfuata Athumani, maana hadithi imeenea. Wanazitamani kama ulivyozitamani wewe. Wanamwuliza, zile za mitutu miwili za bei nafuu, zinafaa kununua? Athumani hawatukani wala hawacheki. Anawaambia, "Kama unataka kupiga makopo nyumbani kwako, nunua, utafurahi. Kama kuna mtu anasimama nyuma yako, nunua bolti ya kawaida iliyotengenezwa vizuri kwa bei hiyo hiyo." Mmoja akambishia kwamba yako ilimwokoa yeye. Akajibu, "Iliniokoa mimi kwa nusu yake iliyokuwa nzima." Hapo aliinuka akaenda zake.

Wengine kijijini wanasema ulitaka makuu. Nimegombana nao, hata kanisani. Mtu aliyetumia maisha yake kuwabebea wengine vitu vizuri akatamani kimoja kiwe chake, hilo kosa liko wapi? Mimi ninachoumia nacho si kwamba ulitamani. Naumia kwamba waliotengeneza kitu kile walijua kitakwenda kwa watu wasioweza kununua kingine, na wakakichora ndege ubavuni. Sijui kama walijua. Labda hawakuwaza kabisa. Hilo nalo linaniuma vilevile.

Neema amekuwa mrefu, ananifikia begani. Mwezi uliopita alirudi shule amevimba macho. Msichana mwenzake alimwambia, "Baba yako aliuawa na bunduki ya bei rahisi." Nilimkalisha nikamwambia yote. Sikukuficha wala sikukupamba. Nilimwambia kuhusu miiko ya ugali, kichuguu na boksi la sabuni, kwamba ulijua inagoma na ukasema msimu ukiisha. Nikamwambia pia kwamba ulisogea mbele. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Angerudi nyuma, angeishi?" Nikasema ndiyo, pengine. Akauliza, "Na baba mdogo Athumani?" Nikasema hapana. Akaenda kuosha vyombo. Leo yuko kwa bibi yake, anajifunza Kisandawe. Ulimi wake si mzito kama wangu.

Baba Neema, mawingu yanajikusanya upande wa Kongwa na ninataka kuwahi kupalilia pale kaburini. Nikuage.

Athumani amepata raifo nyingine, ya bolti, haina mchoro hata mmoja. Nimempa sharti na amelikubali: kila akitoka porini, kabla hajafika kwake, apitie hapa apige hodi. Zubeda anasema ni sawa, anajua ni kwa nini. Ninakuahidi nitaitikia hodi hiyo kila mara, hata nikiwa mgonjwa, hata nikiwa nimechoka naye, mpaka siku atakapoacha kazi ile. Siku hiyo nitakuja nikwambie mwenyewe, ili na wewe upumzike.

Lala salama, Elia.

Mama Neema